UZI: Nyumba za Mji wa Kale Mombasa, uso wa juzi na mifupa ya zamani

Mwana wa Kuze (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam aleikum. Kila msimu wa likizo picha za Mji wa Kale hujaa mitandaoni: roshani ya mbao iliyonakshiwa, mlango mzito, paka kajilaza barazani, na chini yake mtu kaandika "nyumba ya Waarabu, miaka mia tano". Miaka mia tano! Roshani ile ingekuwa na umri huo, mchwa wangeshaimaliza zamani sana.

Mji wenyewe ni wa kale, hilo sibishani na mtu. Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akaandika kwamba misikiti ya kisiwani ni ya mbao. Msikiti wa Mandhry pale njia ya Mbarak Hinawy hutajwa kuwa wa 1570 hivi. Lakini mji umeungua mara nyingi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupiga na kuutia moto. Wareno wakarudi 1528, wakarudi tena 1589. Kwa hivyo mtu asitafute nyumba nzima iliyosimama salama tangu enzi za kina Almeida. Na zile za roshani, zile hasa kila mtu anazopiga picha, nyingi ni za baina ya miaka ya 1880 na 1930. Hizo ni zama za meli za moshi, reli na mabati.

Hoja yangu ni hii: nyumba ya Mji wa Kale ina uso na ina mifupa, na umri wa kimoja si umri wa kingine. Watu wanasoma uso tu.

Cha kale zaidi katika umbo la nyumba zetu ni kile ambacho wageni hukikalia bila kukitazama: baraza. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa kwenye msafara ule wa 1505, aliandika kwamba njia za Mombasa ni nyembamba hata watu wawili hawawezi kwenda sambamba, na mabaraza ya mawe mbele ya nyumba yanazidi kuzibana. Pita mtaa wa Kibokoni leo baada ya alasiri, wazee wamekaa na kahawa yao, bodaboda inapiga honi itafute pa kupenya, kisha uniambie ni nini kilichobadilika.

Sasa mifupa. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake ni nusu mita hivi. Mawe ni ya aina mbili, na mafundi wa zamani hawakuyachanganya ovyo. La kuchimbwa ardhini, zito na lenye matundu, ndilo la ukuta. La baharini hukatwa likiwa bichi na laini, huchongeka kwa urahisi, kisha likipigwa na hewa hukauka na kuwa gumu; hilo ndilo la miimo, vidaka (vishubaka vya ukutani) na mapambo.

Juu ya kuta hulazwa boriti za mkoko. Boriti hubeba dari nzito ya mawe na chokaa, na haiwezi kuvuka nafasi kubwa: mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Ndiyo sababu vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Si kwamba wazee walipenda kulala kwenye ujia. Mkoko ndio uliochora ramani.

Basi ukialikwa ndani, usipoteze muda wote mlangoni. Pima chumba kwa hatua. Kikiwa na upana wa hatua tatu nne, na dirishani ukuta unameza mkono wako wote, umo ndani ya mifupa ya zamani hata kama nje kuna roshani ya 1910. Kikiwa kipana, chenye mihimili ya chuma au mbao za kupasuliwa kwa msumeno, basi nyumba hiyo ni mtoto wa bandari na reli.

Pwani Haichoki

Shekhe, uzi mzito huu. Umeniharibia picha zangu zote za mwaka jana 😂 Lakini umeruka roshani. Zilitoka wapi?

Mwana wa Kuze

Sijaruka, nilikuwa naswali.

Roshani zilikuja na pesa. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati ya kifalme na kufanya Mombasa makao yake. 1895 serikali ya Uingereza ikachukua kazi kutoka kwa kampuni. 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka hapa, ikafika Ziwa Victoria 1901. Mpaka serikali ilipohamia Nairobi mwaka 1905, ofisi zake kuu zilikuwa kisiwani. Bandari ya Kilindini bado haijawa Kilindini ya leo, kwa hiyo mizigo mingi, barua na watu vilipitia Bandari ya Kale. Posta ya zamani pale kwenye uwanja wa serikali ni ya 1899, ndipo wafanyakazi wa reli walipokuwa wakituma barua kwao Uhindini.

Sasa fikiria wewe ni mfanyabiashara Ndia Kuu mwaka 1900. Una nyumba ya mawe ya chini, au ya ghorofa moja. Unataka duka mbele, ghala nyuma, na familia juu. Hubomoi, maana ukuta wa nusu mita nani atauvunja bure? Unaongeza ghorofa, unavunja paa la chokaa la bapa na kuweka la mabati ya mteremko, na mbele unatundika roshani ya mbao juu ya vishikilio vilivyochongwa. Msaji ulikuja kwa meli kutoka Uhindi, vigae vingine kutoka Mangalore, na maseremala wengi wa kazi hiyo walikuwa Wahindi wa Kutch na Gujarat, wakifanya kazi bega kwa bega na mafundi wa hapa.

Roshani ilikuwa na kazi, haikuwa pambo tu. Inatia kivuli ukutani na njiani, inakamata upepo wa kusi unaopita juu ya vichwa vya watu, na ule urembo wa mbao zilizotobolewa unamwezesha aliye ndani kuona njia bila yeye kuonekana. Chukua roshani zote za Ndia Kuu uziondoe, mchana wa Februari utashindwa kupita kwa miguu.

Mkaazi wa Michenzani

Mkuu hapo umenena. Na huku Unguja ni vivyo hivyo. Beit al-Ajaib, ile ya Sultani Barghash, ni ya 1883, na nguzo zake za chuma na veranda zake zilikuwa fasheni mpya kabisa wakati huo. Mombasa nayo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kwa hiyo tajiri wa Mombasa alikuwa akitazama Unguja ajue nyumba ya kisasa inafananaje. Sehemu kubwa ya jumba lile ilianguka Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na mpaka leo roho inaniuma.

Mwana wa Kuze

Wote iliwauma, kaka. Tofauti moja tu nitaiweka: Mji Mkongwe wenu una majumba ya wakubwa, makubwa yenye ua katikati. Hapa kwetu nyumba nyingi ni za wafanyabiashara, nyembamba, zimebanana, mlango unafunguka moja kwa moja njiani.

Kijana wa Nairobi

Kwa hivyo mnasema hizi nyumba si za Waarabu, ni za Wahindi? Maana guide alituambia Waarabu. Mwingine akatuambia ni Wareno. Nani mwongo?

Binti Bondeni

Kaka wa Nairobi, hakuna mwongo, kuna wavivu. Wareno walituachia Ngome (Fort Jesus), iliyoanza kujengwa 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano. Nyumba za mitaani hazina mkono wao.

Na hili swali la "za nani" huwa linanichosha. Nyumba moja unakuta ukuta wa Mswahili wa Thenashara Taifa (yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa), mlango aliouagiza Mmanga, yaani Mwarabu wa Oman, roshani aliyoitundika Mhindi wa Kibohora, mabati kutoka Uingereza, na leo wapangaji ni Wabajuni chini na familia ya Kihadhrami juu. Ukimpa mmoja nyumba nzima umemnyang'anya mwenzake. Wazungu walipokuja walitaka kila kitu kiwe na mjenzi kutoka ng'ambo, sisi tukalirithi neno lao bila kulipima. Ukuta wa matumbawe na chokaa, baraza, daka na vidaka ni vya mwambao huu kutoka Lamu hadi Kilwa.

Halafu wanaume mnaandika nyumba kutoka njiani kana kwamba hakuna ndani. Ngojeni niwaingize. Nyumba ya bibi yangu iko upande wa Mlango wa Papa. Ukivuka kizingiti huoni ndani, unaona ukuta. Lazima ukate kona, ndipo ufike sebuleni. Iliwekwa vile kusudi, mpita njia asimwone mwenye nyumba hata mlango ukiachwa wazi kutwa. Sebule ya wageni wa kiume ipo chini karibu na mlango, na mgeni akikaa hapo hajui nyumba ina watu wangapi. Ngazi ni nyembamba, imesimama wima, bibi alikuwa akipanda na sinia la wali kichwani na mimi nikipanda mikono mitupu naogopa. Jikoni liko juu kabisa, chini ya mabati, moshi na joto vitoke zao. Vidaka ukutani vilikuwa vya taa, vitabu na vyombo vya china, na bibi ana kimoja ambacho mpaka leo hakuna mtu anayekigusa.

Na kitu kingine ambacho hamtakikuta kwenye picha: milango ya pembeni baina ya nyumba na nyumba. Bibi alikuwa akienda kwa dada yake nyumba ya tatu bila kukanyaga njia kuu. Nyingi zimezibwa kwa matofali tangu nyumba zianze kuuzwa kwa watu wasiojuana.

Mzee wa Ndia Kuu

Mwanangu Binti Bondeni, Mungu akuweke. Nyumba hini yetu pia ilikuwa na mlango wa vile, ukitokea uani kwa ami yangu. Sisi watoto ndio twalikuwa tarishi: sukari, chumvi, habari za nani kaposwa.

Niongeze moja kuhusu jina la njia. Mbarak Hinawy Road zamani ikiitwa Vasco da Gama Street. Sir Mbarak Ali Hinawy alikuwa Liwali wa Pwani tangu 1941 mpaka alipofariki 1959, na aliandika kitabu cha historia ya Akida na Ngome. Vijana hupita hapo kila siku wakidhani ni jina la mwenye duka.

Pwani Haichoki

Milango je? Nimesikia ile minyororo iliyochongwa kwenye fremu maana yake mwenye nyumba alikuwa akiuza watumwa.

Mwana wa Kuze

Hiyo hadithi huuzwa pamoja na vinyago. Mnyororo uko kwenye milango ya watu wa kila namna, hata ya nyumba za wakati ambapo soko la watumwa lilikuwa limeshafungwa zamani. Utumwa ulikuwepo na majumba mengi ya mwambao yalisimama kwa jasho lake, hilo tusilifiche. Ila ushahidi wake uko kwenye daftari za biashara na mashamba, usiusome kwenye nakshi.

Mlango utazame hivi. Kuna miimo miwili, kizingiti cha juu kilichochongwa, mbao mbili, na mfaa katikati unaoficha mahali mbao zinapokutana. Vizingiti vya zamani ni vya mraba, vyenye waridi na maua, mara nyingine aya au jina na mwaka wa Hijria. Vile vya upinde juu, vyenye majani yanayojiviringisha, vilishika kasi mwisho wa karne ya 19, na mkono wa Kihindi unaonekana. Njumu za shaba nazo ni fasheni zaidi kuliko ulinzi, maana hapa hapakuwa na tembo wa vita wa kuvunja mlango.

Kitu ambacho wengi hawakijui: sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inautaja mlango kwa jina. Mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 ni kitu kinachoweza kulindwa kisheria. Kwa hiyo yule anayekuja na lori usiku kununua mlango wa bibi yako kwa bei ya kochi, akaupeleke hotelini, muulize kwanza kama ana karatasi.

Mla Bajia

Nimewasoma wote kwa heshima. Sasa niwaambie ukweli ambao hamtaupenda. Historia hailipi bili ya umeme. Nyumba yetu iko Kibokoni, wenye mirathi tuko zaidi ya ishirini, wengine wako Muscat, wengine Toronto. Kila mtu anataka haki yake, hakuna anayetaka kununua ndoo ya chokaa. Ukigusa dirisha unaambiwa subiri kibali. Ukiiacha inavuja. Jirani yetu kapandisha ghorofa za simiti, anakodisha, anakula vizuri. Nani mjinga hapo?

Binti Bondeni

Si mjinga, kaka, umechoka. Na una haki.

Mwana wa Kuze

Mla Bajia kagusa donda lenyewe. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya mpango wa uhifadhi kuandikwa 1990 kwa msaada wa UNESCO na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mpango mzuri, nyumba zikahesabiwa na kuchorwa. Lakini hifadhi ile ilitazama zaidi uso: roshani isiondolewe, urefu usizidi, rangi iwe hivi. Mwenye nyumba akapewa masharti, hakupewa fundi wala mkopo. Na mirathi haina kifungu hata kimoja mle ndani, wakati mirathi ndiyo inayoangusha nyumba kuliko mvua.

Ukitazama, nyumba zilizosalia vizuri mara nyingi ziko za namna mbili. Ama ni wakfu, na msimamizi anayeujua wajibu wake. Ama ndugu walikaa chini mapema, mmoja akawanunulia wengine hisa zao kwa makubaliano mbele ya Kadhi. Zile za "tutazungumza baada ya Idi" ndizo zilizoota miti juu ya paa. Ni hatua ngumu, najua, lakini ina bei nafuu kuliko kesi ya miaka.

Kuhusu jirani mwenye ghorofa: anakula vizuri sasa. Ngoja fundi aje aeleze kinachotokea kwenye ukuta mnaochangia.

Fundi Chokaa

Nimeitwa, nimekuja. Nimepiga chokaa tangu ujana, babangu pia, kwa hivyo nitaandika kirefu na msinikatishe.

Ukuta wa zamani unapumua. Chini hauna msingi wa zege wala nailoni ya kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya jiwe, hufika kiasi fulani, na kwa sababu lipu ni ya chokaa yenye vitundu, hutoka nje taratibu na upepo ukayachukua. Karne nzima ukuta unakunywa na kukauka, na hakuna aliyelalamika.

Sasa mwenye nyumba anaona lipu imebanduka chini, karibu na baraza. Anaita fundi wa vibanda. Fundi anapiga simiti, safi, imenyooka, kila mtu anasifu. Simiti haipitishi maji. Yale maji yaliyokuwa yakitoka chini hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi. Baada ya muda unyevu umefika kwenye dirisha, kisha kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Boriti ya mkoko ni ngumu, chumvi haiiogopi, lakini kichwa kikikaa kwenye unyevu usiokauka huoza kutoka ndani. Nje unaiona nzima. Siku ya siku dari inashuka na watu wanasema nyumba ilikuwa kuukuu. Wallahi mara nyingi nikibomoa kifusi nakuta jiwe zima, chokaa nzima, boriti zimeoza inchi sita tu za mwisho, na juu yake tabaka la simiti.

Na chumvi. Ukichanganya simiti na mchanga wa pwani usiooshwa, umeutia ukuta ugonjwa mwingine. Chumvi inakauka ndani ya jiwe, inavimba, inalimega kidogo kidogo mpaka unaona vumbi jeupe sakafuni kila asubuhi.

Chokaa ina taabu yake, sikatai. Zamani magogo hupangwa duara, matumbawe juu yake, moto usiku kucha. Ikiiva huzimwa kwa maji na kuachwa shimoni ilale miezi. Chokaa isiyolala vizuri itakupasukia ukutani. Leo matumbawe ya baharini hatuyagusi, na ni sawa yalindwe. Tunatumia jiwe la ardhini. Kuna kinaya hapa: simiti nayo yatoka kwenye jiwe lilelile. Kiwanda cha Bamburi kilianza 1954 juu ya matumbawe ya kale ya ardhini, na machimbo yaliyoachwa ndiyo Haller Park mnayoenda kulisha twiga. Tofauti ni moto tu: chokaa huiva kwenye nyuzi 900 hivi, simiti yapelekwa mpaka 1,450 na kitu kingine kinazaliwa humo.

Jirani mwenye ghorofa za simiti: nguzo zake ziko sawa. Lakini maji ya bomba zake na ya paa lake yanamwagikia ukuta wa matumbawe wa jirani, na uzito wa jengo jipya unatikisa udongo mmoja. Hapo ndipo kesi huanza.

Kijana wa Nairobi

Fundi, mimi sikujua hata nusu ya haya. Swali la mwisho la mgeni: nikija tena, nyumba moja tu ya kuitazama vizuri ni ipi?

Mwana wa Kuze

Leven House, bila kufikiri mara mbili. Teremka kutoka Ngome kwa Mbarak Hinawy mpaka karibu na Bandari ya Kale.

Nyumba hii ni ya mwanzo wa karne ya 19, ya familia ya wafanyabiashara matajiri. Jina imelipata kwa meli ya uchunguzi wa bahari ya Uingereza, HMS Leven. Februari 1824 nahodha wake, William Fitzwilliam Owen, alitia nanga hapa. Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walikuwa wakimwogopa Seyyid Said wa Oman, wakataka bendera ya Uingereza ipande Ngomeni. Owen akakubali kwa kauli yake mwenyewe, kabla London haijasema neno. Akamwacha Luteni John Reitz kuwa gavana. Kijana wa watu homa ikamuua mwaka uleule, na jina lake ndilo hilo Port Reitz. Akafuata Luteni James Emery hadi 1826, London ikaamua haitaki, bendera ikashushwa. Miaka kumi na moja baadaye, 1837, Seyyid Said akaichukua Mombasa na utawala wa Wamazrui ukaisha.

Nyumba haikujali. Baadaye ilikuwa makao ya ile kampuni ya Waingereza, ilikaa ubalozi mdogo wa Wajerumani, ikawa duka la vifaa vya meli, ikachakaa hata ikawa karibu kuwa kifusi, kisha ikajengwa upya. Ukifika hapo angalia unene wa kuta kabla ya kitu chochote. Halafu shuka kwenye Ngazi za Leven, zilizochongwa kwenye mwamba kuelekea majini, kuna kisima cha maji baridi ambacho mabaharia walikuwa wakijaza mapipa yao. Kisiwa chenye maji ya chumvi pande zote, na kisima kitamu hatua chache kutoka baharini! Ukiuliza kwa nini nyumba za matajiri zilijikusanya kwenye ukingo ule, kisima ni nusu ya jibu.

Nyumba moja, na wenyewe wote hao. Ndiyo maana "ya nani" ya Kijana wa Nairobi haina jibu la neno moja.

Mzee wa Ndia Kuu

Na sisi tulikuwa tukiogelea pale chini tukitoka chuoni, maalim akituona anatungoja juu na bakora.

Mla Bajia

Haya, mmenishika. Fundi Chokaa, nakuuliza mbele ya watu ili ndugu zangu wasome. Dari ya chumba cha mbele kwetu imeshuka kidogo upande wa njiani. Tunaambiwa tuvunje tupige slabu. Boriti zenyewe siku hizi zinapatikana, au ndiyo marufuku?

Fundi Chokaa

Usivunje. Slabu ya zege juu ya ukuta wa chokaa ni mzigo ambao ukuta haukujengewa.

Boriti zina historia yake ya marufuku: kuzisafirisha nje kulikatazwa 1982, na 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma nchi nzima. Kwa hivyo nunua kwa mwenye kibali, dai risiti, na usikubali zilizokatwa juzi, maana boriti mbichi hujipinda. Jua pia majina yake, usije ukauziwa mazio kwa bei ya boriti: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, kutoka nyembamba kwenda nene.

Kazi yenyewe: kwanza tegemeza dari kwa nguzo za muda. Kisha bandua simiti yote ya nje upande huo, kwa mkono, bila mashine ya kutikisa. Gonga kila boriti karibu na ukuta, ikilia wazi imeoza. Badilisha moja, uiache ishike, ndipo uende ya pili. Kichwa kipya usikizike kwenye simiti, kiachie nafasi ya hewa na ukizungushie chokaa. Ila kabla ya yote hayo tazama paa, maana mabati yakivuja tutarudi hapahapa.

Fanya wakati wa kaskazi, mambo yakiwa makavu; masika yakianza lipu ya chokaa haikauki. Nipe upana wa chumba na idadi ya boriti zilizolia wazi, nikufanyie hesabu hapahapa uzini, na hao ndugu zako wa Muscat na Toronto waione wagawane.